Tuta la Kumi na Nane

Watu hudhani mtaalamu wa hisabati huhesabu upesi. Mimi huhesabu polepole kuliko muuza nyanya yeyote wa Nyakanazi, na nikimaliza hurudia, na nikirudia hutafuta njia nyingine ya kufika pale pale, kwa sababu ile ya kwanza siiamini. Wanafunzi wangu chuo kikuu walinicheka kwa hilo miaka yote niliyowafundisha. Wenzangu wa utafiti, ambao ni watu wenye adabu zaidi, waliliita uangalifu. Si uangalifu, ni woga, na siku ulipoanza naijua. Mwezi uliopita Konsolata, binti wa kaka yangu Deo, alinipigia simu kwamba Mama Festo, jirani yetu wa zamani, amefariki kule Nyamigogo, akiwa amekula chumvi nyingi, nami nikapanda basi siku ile ile. Nilishuka Nyakanazi saa tisa mchana, nikaketi kwenye kibanda cha mama mmoja anayepika ndizi na maharage, nikisubiri pikipiki ya kunipeleka kijijini. Malori ya mizigo yalikuwa yamejipanga kando ya barabara. Nikajikuta nayahesabu, kisha nayahesabu tena kuanzia upande wa pili, na maharage yangu yakapoa.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa maoni yangu hapakuwa na mtu mwenye akili kunizidi kutoka Biharamulo hadi Ngara. Nilikuwa wa kwanza katika hesabu tangu darasa la tatu. Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na katikati kulikuwa na ofisi ya kijiji yenye bati na redio ya betri. Mahali pale ndipo lori lilipokuja kuwachukua vijana wa mgambo. Sasa, kwetu mtu hahesabiwi. Ng'ombe hahesabiwi, mtoto hahesabiwi, na mwanamke akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wapo," au huwataja majina mmoja mmoja kana kwamba hajui wanafika wangapi. Kunyoosha kidole juu ya vichwa vya watu na kusema moja, mbili, tatu, ni kuyaonyesha mauti pa kuanzia. Shuleni tuliambiwa hayo ni mambo ya kizamani, na mimi mambo ya kizamani niliyachukia kama nilivyochukia kamasi.

Katibu wa kijiji alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haina wino. Mkononi alikuwa na karatasi yenye majina kumi na saba, yaliyoletwa na mabalozi wa nyumba kumi. Angeweza kuyaita yale majina, lakini dereva alikuwa anapiga honi na matone ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka kwenye karatasi. Akageuka akaniona nimesimama mbele ya wanawake. "Wewe binti wa hesabu," akasema, "hebu nihesabie hao, nione kama wametimia kumi na saba." Nilipanda juu ya jiwe. Nilinyoosha kidole. Nilianza na kaka Deo, aliyekuwa anacheka, nikaendelea kwa sauti ile ya kusoma mbele ya mkaguzi wa shule, na nilipofika tano nikasikia vigelegele vimekatika. Sikujali. "Kumi na saba, Ndugu Katibu." Akatia saini. Bibi yangu, aliyetulea mimi na Deo, alinishika mkono, si kwa kunipiga, ila aliufunga ule mkono ndani ya viganja vyake viwili na kuushikilia hivyo mpaka lori likawasha taa na kuondoka. Mvua ikashuka kweli, watu wakakimbilia chini ya bati, na hakuna aliyeangalia nyuma.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilipungua maneno. Jikoni, nikikaa nyuma ya mafiga nikimenya mihogo, niliwasikia wanawake waliokuja kuomba moto au chumvi, iliyokuwa adimu kuliko habari. "Kuna aliyetuhesabia watoto wetu," mmoja alisema, akijua kabisa niko pale. Bibi akamjibu, "Ego, ni kweli, lakini mwenye kosa ni mkubwa aliyemtuma," lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Mahali pa Deo pa kukaa, karibu na mlango, bibi alipaacha wazi, na chakula chake kidogo akakibakiza kwenye chungu kila siku, kisha asubuhi tukakila sisi. Kila redio ya ofisi ilipotoa mlio wa taarifa ya habari nilikimbilia nyuma ya nyumba nisisikie. Nilijua, kwa kichwa, kwamba kidole hakiui. Kujua huko hakukunisaidia kitu. Nikimwaza Deo nilimwona akicheka na kidole changu kiko kwenye paji la uso wake, na mwanzo wa hesabu ulikuwa yeye.

Darasani nikawa bubu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mwalimu Zuhura, mwanamke wa mjini Biharamulo, wa zile familia za wafanyabiashara ambazo asili yao ni pwani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata sisi tuliona haya kufungua midomo mbele yake, sisi wa "rabda" na "kurima." Aliuliza saba mara nane, akaniangalia mimi, nami nikaangalia dawati. Sikutaka namba yoyote itoke tena kinywani mwangu. Aliniacha wiki mbili bila kunigusa. Namshukuru kwa hizo wiki mbili, kwa sababu mwalimu mwingine angenichapa.

Kisha Katibu akatangaza shamba la askari. Kila mama mwenye mtoto vitani ainue tuta moja la mihogo kwenye shamba la ujamaa, upande wa kijito, ili vijana wakirudi wakute chakula chao. Ilikuwa amri nzuri, nadhani ndiyo nzuri pekee aliyopata kuitoa. Muhogo hauna haraka, hukaa ardhini ukimsubiri mwenyewe. Wanawake walilima kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyeambiwa asihesabu matuta, maana tuta si mtu. Mimi nilipitia pale kila siku nikitoka shule. Nilitaka kuyaona matuta kumi na saba, yote, hakuna lililomomonyoka. Ilikuwa njia yangu ya kuwahesabu tena bila kuwahesabu, nikidhani nikiyakuta yametimia, basi nao wametimia.

Yalikuwa kumi na nane. Nilirudi mwanzo, nikahesabu tena. Kumi na nane. Nikaenda upande wa pili, kwenye kichuguu, nikaanzia huko. Nilikaa chini kwenye majani yenye maji. Mtu mzima angesema kuna mama aliyelima mawili, akaenda zake nyumbani. Mimi niliogopa, kwa sababu nilishajua jinsi wanawake wale walivyokuwa: hakuna hata mmoja ambaye angemlimia mwanawe tuta la ziada, kama vile hakuna anayeshona sanda ya akiba. Kama tuta halikuzidi, basi mtu alipungua. Mtu alipungua kwenye hesabu yangu.

Jioni ile nilimuuliza bibi anajuaje kwamba mbuzi wake wote wamerudi. Alikuwa anawafunga, na jua lilikuwa halijazama bado. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa anajuaje kutembea. "Kila mbuzi ana kigingi chake," akasema. "Nikiona kigingi kitupu, najua kuna asiyerudi. Nikiona mbuzi hana kigingi, najua wa jirani ameingia. Kuhesabu kwa nini?" Nimesimama kwenye majukwaa ya mikutano ya wanahisabati, nchi za mbali, nikithibitisha kwamba makundi mawili yana wingi ulio sawa bila kulihesabu hata moja, kwa kumpa kila mmoja wa huku mwenzake wa kule. Ndiyo kazi yangu yote ya utafiti, ukiondoa mapambo. Mzee mmoja wa huko, mwenye ndevu na jina kubwa, aliniuliza ni nani aliyenifundisha kufikiri hivyo. Nilimjibu kwamba ni bibi yangu na mbuzi wake. Alicheka akidhani ni mzaha.

Basi nikaanza kumtafutia kila tuta kigingi chake. Hili la Mama Leonsi, hili la mke wa balozi, hili la bibi kwa ajili ya Deo. Ilinichukua siku nyingi, kwa sababu sikuthubutu kuuliza, nilingoja kuona nani anapalilia wapi. Likabaki lile la mwisho kando ya kichuguu. Siku moja ya Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, nilimkuta Mama Festo ameinama juu yake. Alikuwa mjane, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye mtoto huyo mmoja tu. Wote tulijua kwamba alimlilia balozi asimwandike Festo, na balozi akamwonea huruma. Wote tulijua pia kwamba Festo yuko kwa mjomba wake Mugoma, upande wa Ngara, maana mama yake ndivyo alivyotuambia.

"Shikamoo, Mama Festo."

"Marahaba." Hakuinuka.

"Hili tuta ni la nani?"

Alipalilia hatua mbili nzima kabla ya kujibu. "Alikuja mwenyewe siku ile ya lori. Alisema hawezi kubaki na wanawake wakati wenzake wanakwenda. Nilikuwa namshika nguo. Ndipo nikakuona wewe umepanda juu ya jiwe." Aliinuka sasa, akajifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Nilimvuta nyuma ya ofisi nikamfunika na kanga yangu mpaka ulipomaliza. Lori lilipoanza kutembea akanitoka, akadandia. Hukumhesabu mwanangu. Kila siku namshukuru Mungu kwa hilo. Wale wengine mama zao wanaumwa. Mimi nalala."

"Lakini Katibu hana jina lake."

"Usimtaje kwa mtu, mwana wanje, mwanangu," akasema, na macho yake hayakuwa ya kuomba. "Ukimtaja umemhesabu."

Sijui kama nimewahi tena kubeba kitu kizito kama kile. Nikisema, nitakuwa nimemwingiza Festo kwenye idadi kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya mama yake, na chochote kitakachompata kitakuwa changu. Nikinyamaza, kuna mtu yuko vitani ambaye kijiji chake hakijui kwamba yuko, na akipotea hakuna atakayeulizwa. Nilishindwa kula. Usiku sikulala, na mchana nilisinzia darasani mpaka Mwalimu Zuhura akaniita nyumbani kwake baada ya masomo. Chumba chake kilikuwa na kitanda, sanduku la bati na rafu ya vitabu iliyotengenezwa kwa mbao za kasha la sabuni. Alinimiminia chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa ajili ya sukari kana kwamba yeye ndiye aliyeificha. Nilimwambia yote bila kutaja jina. Nilisema, kama mtu amehesabu vibaya, na kuna anayeifurahia hesabu ile, afanye nini.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, halafu akajuta, niliona amejuta, akanisogezea muhogo wa kuchoma. "Sikiliza, Ansila. Kukosea hesabu si dhambi. Mimi hukosea ubaoni kila wiki na nyinyi mnanyamaza kwa kuniogopa. Lakini hesabu iliyokosewa haikai mahali pamoja ikakusubiri. Watu wanaichukua wanaifanyia kazi." Hakunilazimisha kumtaja mtu. Nilitoka pale nimeazimia kusema kesho yake. Kesho ikafika, nikaahirisha. Nilimwona Mama Festo akicheka kisimani, mama pekee aliyecheka mwaka ule, na sikuwa na ujasiri wa kumnyang'anya. Zikapita wiki, ikaingia Kwaresima.

Siku moja tukaitwa wote ofisini. Katibu alikuwa na barua kutoka wilayani na amevaa shati la sikukuu. Alisema wilaya imefuatilia vijana wa kila kijiji kwa kufuata orodha zilizotumwa, na anayo furaha kututangazia. "Vijana wetu wote kumi na saba wako hai. Mmoja ameumia mguu, anatibiwa. Wote kumi na saba, ndugu zangu." Sijawahi kusikia kelele kama zile. Bibi alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia. Mama Leonsi, aliyekuwa hajanisalimia tangu lile lori, alinikumbatia akanipaka machozi yake. Deo alikuwa hai, na mimi nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamtafuta Mama Festo. Alikuwa anapiga vigelegele pamoja na wengine, mikono juu. Nikaona mikono inashuka polepole. Alikuwa anaifikiria ile namba. Alipomaliza kuifikiria alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akaniona.

Alikuja mpaka niliposimama. Wanawake walikuwa wanacheza na ilibidi aniinamie sikioni.

"Nihesabie mwanangu," akasema.

Tuliingia ofisini tukiwa tumeshikana mikono, na sijui nani alimwongoza nani. Katibu alikuwa bado anatabasamu. Nilimwambia, "Ndugu Katibu, siku ile nilikosea. Walikuwa kumi na nane." Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Aliniuliza kama najua maana ya saini. Alisema nimemdanganya, nimekidanganya kijiji, na kwamba sasa atawaeleza nini wakubwa wilayani, eti alitegemea kidole cha mtoto? Mama Festo alimsubiri mpaka amalize. "Mtoto hakukosea," akasema. "Nilimficha mimi. Andika. Festo, mwana wa marehemu Ladislao." Katibu alichukua kalamu ya kwanza, ikawa ile isiyo na wino. Akachukua ya pili. Tulisimama pale tukimwangalia anaandika, herufi moja moja, na Mama Festo, ambaye hakujua kusoma, alilisogelea jina lile kwa karibu sana kana kwamba lina joto.

Jibu lilikuja mvua za masika zikiwa zimekwisha. Festo alikuwa ameandikwa kule alikoshukia, peke yake, chini ya kijiji ambacho mwandishi alikiandika vibaya. Alikuwa amekufa mwanzoni kabisa, kabla ya Krismasi, kabla hata muhogo wake haujatoa majani. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko zote nilizowahi kulipwa kuzipiga. Kunyamaza kwangu hakukumuua. Lakini kulimfanya mama yake ampalilie marehemu tuta, akicheka kisimani, wiki baada ya wiki, na kulimnyima siku za kumlilia pamoja na watu. Hilo ni langu, na sitalitafutia wa kumbebesha. Wale kumi na saba walirudi wakati wa kiangazi, Deo akiwa miongoni mwao, mnene kidogo, jambo lililotushangaza wote. Wanawake walichimba matuta yao, wakapika, wakala na watoto wao. Tuta la kumi na nane lilibaki limesimama peke yake kwenye shamba tupu, mashina yamekuwa miti.

Nilifaulu mtihani. Wiki ya kuondoka kwenda shule ya sekondari, Mama Festo alikuja akiwa na jembe akaniita kwa jina. Tulilichimba pamoja. Mihogo mingine ilikuwa imekomaa mpaka imekuwa kamba, mingine mizuri. Aliimenya palepale, akaipika nyumbani kwake, akaniwekea mbele yangu kwenye sahani ambayo najua ilikuwa ya nani. Hakula. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza. "Haya," akasema. "Nenda kajifunze kuhesabu."

Nimekwenda. Nimesoma hesabu mpaka mahali ambapo namba zenyewe hazionekani tena. Kwa miaka mingi nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye korido ile ya chuo, na wageni waliponiona mlangoni waliniagiza chai. Mara moja, kwenye mkutano niliposoma makala yangu mwenyewe, orodha ya waliohudhuria iliposambazwa jina langu halikuwamo, kwa kuwa aliyeiandika alinidhania kuwa karani. Wenzangu walikasirika kwa niaba yangu. Mimi sikukasirika, nilishikwa na hofu, ile ile ya kwenye majani yenye maji. Nilitoa kalamu nikajiandika. Halafu nikaipitia ile orodha upya, nikawaongeza dereva aliyetuleta na mama aliyekuwa anaosha vikombe, ambaye alikuwa ametusikiliza siku nzima.

Pikipiki ilinifikisha Nyamigogo wakati jeneza liko bado ndani. Deo, mzee sasa, fimbo mkononi, ndiye aliyekuwa amesimama mahali pa mtoto wa marehemu, kama alivyosimama miaka yote, akimlimia na kumwezekea nyumba. Uwanja ulikuwa umejaa. Tulimzika kando ya mgomba wake, na kwenye msalaba walikuwa wameandika Mama Festo, si jina lake la ubatizo, na nikaona ni sawa. Tuliporudi, Konsolata alinijia mbio kutoka jikoni, mikono ina unga. Masufuria mawili ya wali yalikuwa tayari na walikuwa wanabishana kama waongeze la tatu.

"Shangazi," akasema, "wewe ndiye profesa hapa. Hebu tuhesabie watu, tujue sahani."

Vijana wa siku hizi hawaogopi. Baadhi ya wazee waliokuwa karibu wakanitazama mkono. Bibi hayupo tena wa kuufunga. Nilinyoosha kidole, nikamwacha Konsolata amesimama mbele ya uwanja wote ule wa watu, nikazunguka kuelekea nyuma ya nyumba.

"Shangazi, watu wako huku," akaniita.

"Hao wanaonekana," nikamwambia. "Wataningoja." Nyuma ya jiko kulikuwa na msichana anayenyonyesha, ameketi peke yake juu ya kinu kilicholazwa, amejifunika kanga yeye na mtoto wake. Nilimsalimu, nikamwomba afunue kidogo, nikaanza na mtoto.